Hatua Kumi na Nne

Wahenga walionena usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakupata kupita Hollister, California,
nyumbani kwa Leocadio Barrientos, mwashi mstaafu,
aliyeziba ufa kwa miaka arobaini na minane
na ukuta akaujenga vilevile. Mara tatu.

Kila Machi, mvua zikikatika, hukoroga saruji
katika karai lile lile, hupiga magoti penye ngazi ya jikoni,
huulisha ufa kama mtu amlishaye mgonjwa uji,
kijiko, kisha kijiko.
Ufa hula. Mwakani una njaa tena.

Hauna kishindo. Hilo ndilo wageni hawalielewi.
Wanauliza habari za tetemeko la mwaka themanini na tisa,
dohani zilipoporomokea barabarani.
Yeye huwaonyesha ukingo wa njia ya miguu
uliopinda kama mgongo wa paka anayejinyoosha,
husema: hii haikuanguka. Hii inakwenda.

Binti mmoja wa chuo, Anoush, alikuja na misumari na uzi,
akapima, akanywa kahawa, akaeleza:
gereji yako, mzee, imepanda bamba moja la ganda la dunia,
lile linalobeba bahari nzima hadi Japani,
na huko huinamisha kichwa, likazama chini ya visiwa.
Jiko lako limepanda jingine,
lililotandazwa chini ya milima na mashamba ya mahindi
mpaka katikati ya Atlantiki,
ambako sakafu ya bahari hupasuka, hutapika moto,
hujishona upya, hupasuka.
Mabara yote, alisema, yalikuwa kipande kimoja,
kisha yakaagana,
na yanayogongana ndiyo yanayoinua milima.
Leocadio akaitazama birika juu ya meko.
"Na kodi ya nyumba," akauliza, "niilipe bara gani?"

Upana wa kidole kila miaka mitatu.

Hayo Ofelia hakuhitaji kuelezwa.
Kisukari kilipomaliza macho yake, bado kijana,
aliihifadhi nyumba kwa hatua:
sita hadi kabatini, tisa hadi kitandani,
na kumi na nne, moja kwa moja kutoka mlango wa jiko,
hadi kwenye mlimau alioupanda wiki ya harusi
upande wa pili wa ufa, bila kujua kwamba kuna upande wa pili.

Miaka ya kwanza kiganja chake kiliangukia katikati ya shina.
Baadaye, ubavuni.
Baadaye tena, vidole vilikwaruza gome tu.
Asubuhi moja ya Februari aliunyosha mkono kwenye hewa tupu,
akasimama pale na gauni lake la kulalia,
umande ukimpanda vifundoni,
akaita: Leo, nani ameuhamisha mti?

Mume mwingine angesema, umepotoka, mke wangu.
Yeye alitoka na uzi wake wa timazi na futi ya mbao,
akapima toka kizingiti, akapima tena, akahema.
Shubiri nzima.
Hukukosea, alisema. Wewe umekwenda sawa.
Ardhi ndiyo iliyokwenda upande.

Tangu siku ile alihesabu kumi na nne,
kisha akaupeleka mkono kulia,
kama mtu anayemtafuta mwenziwe kitandani.

Sasa amelala ng'ambo, upande wa gereji,
makaburini, maili moja kusini.
Leocadio amepiga hesabu nyuma ya risiti ya saruji:
upande ule unapanda kaskazini.
Kwa hiyo anakuja.
Miaka laki mbili na ushei, akikaza mwendo.
Si mbali, kwa mlima.

Machi imefika. Karai limeoshwa, liko juani.
Ameziba ufa wote, toka uani hadi kwenye ngazi,
isipokuwa penye kizingiti.
Hapo ameacha upenyo, unatosha kidole.
Jirani ameuliza kama saruji imemwishia.
Ndiyo, amejibu, huku mfuko mzima
umeegemea ukuta nyuma yake.